Mabuti Niliyomfungia Baba

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na wageni wakisikia hivyo huvua viatu na kuingia wakicheka. Mimi huwakasirikia hadi leo. Upande wetu, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, unaweza kutembea ndani ya maji hatua nyingi, mchanga uko chini yako, maji yanakufika kiunoni tu. Halafu sakafu inaisha. Hakuna mteremko wa kukuonya.

Baba yangu alivua samaki akiwa amesimama ndani ya maji hayo, kwa ufito na mshipi, tangu kabla sijazaliwa. Hakuwa na mtumbwi wala hakuutaka. Karibu na pale kuna chemchemi za maji ya moto, na joto lake hupita chini ya mchanga. Ukikanyaga joto, uko salama. Nyayo zikianza kuhisi baridi, umebakiza hatua mbili au tatu, geuka. Hivyo ndivyo alivyonifundisha nilipokuwa mdogo, akinishika mkono. Akanifundisha na jingine: majini usivae kitu usichoweza kukitupa kwa mkono mmoja. Kikapu chake kilining'inia begani, hakikufungwa kiunoni hata siku moja. Niliyajua haya yote. Nataka ieleweke kwamba niliyajua.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nimeolewa mjini na fundi cherehani, na samaki wa baba niliwauza mimi sokoni. Kila asubuhi nilipokwenda kuwachukua nilimkuta kwenye jiwe lake, anafungua vitambaa miguuni. Mawe ya volkano yalikuwa yamemkatakata, na kwa kuwa miguu haikupata kukauka, vidonda vilikataa kupona. Vilinuka. Nilimburuta hadi dispansari, na muuguzi alivitazama mara moja tu.

"Papa, hii miguu ikiendelea kuingia ku maji, watakuja kuikata. Acha maji, ao vaa bote."

Baba alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka. Akilini nilikuwa nimeshamwona hana miguu, ameketi mlangoni mchana kutwa, yeye ambaye hakuweza kutulia hata kanisani. Wiki ileile nikanunua mabuti ya mpira, meusi, marefu hadi magotini. Nilichagua makubwa ili vitambaa vipate nafasi. Na kwa kuwa yalikuwa makubwa, nikamwomba mume wangu ashone mikanda ya turubai kule juu, ya kufungia, yasije yakamvuka. Alishona vizuri sana.

Baba aliyapokea kwa mikono miwili. Akayasifu kwa majirani, mmoja mmoja, mpaka nikaona haya. Kwa miezi miwili aliyavaa na kuvua samaki ukingoni kabisa, maji yasipite katikati ya buti, akipata visamaki vya kuchekesha. Nilimtania kwamba wanunuzi wangu wataniuliza kama nimeanza kuuza chambo. Alicheka, lakini si kama zamani. Sikuyatilia maanani.

Kisha asubuhi moja nikafika na kuyakuta mabuti yamesimama juu ya jiwe, na baba yuko mbali ndani ya maji, mahali pake pa siku zote, miguu mitupu. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Akatoka polepole, uso umefurahi, kikapu kimejaa.

"Papa, bote inafanya nini ku jiwe?"

"Angalia, mama," akasema. Aliniita mama tangu utotoni, kwa sababu nilifanana na mama yake. "Angalia, vidonda imekauka."

"We unadanganya sawa mutoto! Unataka wakukate miguu? Ao unaona haya ya zawadi yangu?"

Hilo la zawadi ndilo lililomshinda, na nililisema kwa sababu nilijua litamshinda. Alitazama chini. Miguu ilikuwa imejaa mchanga mweusi hadi kwenye vifundo, sikuona kitu, wala sikuinama kuangalia.

"Bon," akasema. "Nitavaa. Lakini na hii, mi sitaona njia."

Akayavaa vilevile, na mchanga wake. Nikapiga magoti nikamfunga mikanda mwenyewe, mafundo mawili kila mguu, nikakaza, maana nilijua angeyavua mara tu nikigeuka. Nikambebea kikapu nikaondoka zangu, bado nimenuna. Sikumuaga.

Mwanamke aliyekuwa akifua nguo pale ndiye aliyenisimulia. Alisema baba alirudi palepale alipokuwa, kwani ndipo samaki walipokuwa. Alipofika pa kugeuka, hakugeuka. Aliweka mguu mmoja mbele, akayumba, akautupa ufito. Akapeleka mikono yote miwili chini, magotini. Hakupiga kelele. Mwanamke alidhani anatafuta kitu alichoangusha.

Watu wa mtumbwi walimtoa kabla jua halijafika kichwani. Nilikimbia kutoka sokoni na kisu cha samaki mkononi, sijui kwa nini sikukiacha. Walikuwa wamemlaza kwenye mchanga, mabuti yamejaa maji hadi juu. Fundo moja la mguu wa kulia lilikuwa limefunguka nusu. Yale mengine yalikuwa kama nilivyoyaacha.

Nilijaribu kuyafungua kwa vidole. Turubai iliyolowa haifunguki. Nikajaribu kwa meno, na wanaume wale wakageuza nyuso zao pembeni. Mwishowe nikakata kazi ya mume wangu kwa kile kisu, nikavuta buti moja, kisha la pili, na ziwa likamwagika mapajani mwangu.

Mchanga wote ulikuwa umeoshwa. Nilishika nyayo za baba na kuzigeuza, moja baada ya nyingine, nikitafuta vidonda. Havikuwapo. Kila palipokuwa pamekatika palikuwa na ngozi mpya, laini, nyepesi kuliko nyingine. Nilipapasa hata katikati ya vidole.

Miguu ilikuwa imepona, kama alivyoniambia.