Kila jioni Judica humwita Sulle

Saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshashuka kutoka Mlima Hanang na kumeza nusu ya uwanja. Judica Michael anasimama kwenye kizingiti cha nyumba ndefu ya bati hapa Endasak, anafuta mikono kwa kanga, kisha anaanza kuita majina.

"Margwe!"

"Yupo!" anajibu Alfredi, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu. Margwe mwenyewe, aliyekaa ubavuni mwake kwenye benchi la varandani, anacheka tu. Judica anamgusa bega na kusogea.

"Akonaay!"

"Nipo, mama."

"Sulle!"

Hapo panakuwa kimya. Akonaay, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, anageukia nafasi iliyo wazi kando yake. Anasubiri kidogo, kana kwamba anampa mwenzake muda wa kujaribu mwenyewe. Kisha anajibu kwa niaba yake.

"Yupo."

Judica anainama, anaweka kiganja juu ya ubao ule mtupu wa benchi, halafu anaendelea na jina linalofuata kama kawaida. Mwandishi wa makala haya anageuka kutazama nyuma yake, kisha uwanjani, kisha kwenye ukungu, akimtafuta huyo Sulle aliyeitikiwa.

"Usihangaike kumtafuta," Judica anamwambia jikoni, akigeuza ugali. "Sulle hayupo. Tope lilimchukua."

Judica, mwenye umri wa miaka 54, ni msimamizi wa nyumba wanamoishi watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ina jina refu la kwenye kibao, lakini majirani wanaiita Kwa Wakubwa, kuitofautisha na vituo vya watoto. Yeye ndiye anayewaamsha, anayewapikia, anayewafundisha kufunga vifungo na kuchambua maharage. Anagombana nao pia, na mara nyingi anashindwa.

Alizaliwa Daudi, wilayani Mbulu. Miaka ya tisini alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka wapishi walipopunguzwa kazini, akarudi kwao kulima ngano ya kubahatisha. Mwaka 2003, Manyara ikiwa bado mkoa mchanga na kila mtu akiahidiwa ofisi, akasikia parokia moja inatafuta mwanamke wa kulea "watoto" mjini Katesh.

"Nikafika nikakuta mibaba ina ndevu," anasema na kucheka mpaka machozi. "Nikamwambia padri, hawa ni watoto wa nani? Akasema, sasa ni wako."

Mshahara wake ni Sh180,000 kwa mwezi, unapofika. Amewahi kuitwa kwenye kazi bora zaidi Babati na hakwenda. Sababu anayoitoa ni kwamba Margwe hali chakula akipikiwa na mtu mwingine, na ukimwona Margwe anavyomfuata jikoni unaamini.

Desturi ya kuita majina ni yake. Baadhi ya wakazi wa nyumba hii hawasemi, wengine wanasema wakijisikia. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza aliwaunganisha wawili wawili: kila mwenye sauti amwitikie asiye na sauti. Asubuhi na jioni anaita, na mwenye sauti anajibu "yupo" kwa ajili ya mwenzake. Iliwafanya watazamane. Mtu aliyekuwa haoni haja ya kujua jirani yake yuko wapi alianza kumtafuta kabla ya jina kuitwa.

Akonaay alipewa Sulle. Sulle alikuwa mdogo wa umbo, hakuwahi kusema neno, na mvua ikinyesha aliingia chini ya kitanda na kulala huko. Kwa miaka mingi Akonaay alimjibia, akamkatia kucha, akamfukuzia kuku walioiba chakula chake. Kwa Akonaay, kusema "yupo" ilikuwa kazi yake na alikuwa akiijivunia.

Asubuhi ile ya Desemba 2023 walikuwa bado wanaishi Jorodom, Katesh, upande wa chini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Judica anasema alisikia mlio wa lori linalomwaga mawe, akashangaa ni nani anajenga Jumapili. Alipofungua mlango, uwanja ulikuwa unatembea.

Aliwatoa nje mmoja mmoja, wengine kwa kuwavuta, mpaka kwenye kilima kidogo cha nyuma. Kulikuwa na giza la mvua, watu mtaani wakipiga kelele, ng'ombe wakilia. Hakuona sura za watu wake, wote walikuwa rangi moja ya tope. Akafanya alichozoea kukifanya. Akaita majina.

"Kila jina likaitikiwa," anasema. "Nikaita Sulle, nikasikia 'yupo'. Nikamshukuru Mungu, nikakaa chini. Nilikaa chini, unasikia? Nikapumzika."

Tope la pili likashuka na nyumba ikaondoka.

Judica anaacha kugeuza ugali. Mwiko umesimama katikati ya sufuria.

"Watu walisema Akonaay alidanganya. Akonaay hajui kudanganya. Niliuliza Sulle yupo, akajibu yupo. Na kweli alikuwepo. Alikuwepo ndani, chini ya kitanda, pale Akonaay alipomwacha. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba jibu linatosha."

Tope lilipokauka vijana walichimba mahali chumba kilipokuwa. Walipata kitanda cha chuma, blanketi na kandambili moja. Sulle hawakumpata mpaka leo.

Tangu siku hiyo Judica anaita na kugusa. Hakubali sauti peke yake. Walipohamia hapa Endasak, kwenye nyumba iliyokuwa ghala la maharage, alijaribu kuliacha lile jina. Siku ya kwanza alipoliruka, Akonaay hakuingia ndani. Alikaa getini mvua ikimnyeshea, akitazama barabara. Alipobembelezwa, alisema neno moja tu: "Hujamaliza."

Judica akarudi kizingitini, akaita. Akonaay akaitikia, akaja kula.

Kitanda cha chuma kilioshwa na kupakwa rangi, nacho kipo chumbani kando ya cha Akonaay, na blanketi juu yake. Kila jioni Akonaay hulifunua upande mmoja, na kila asubuhi hulikunja. Jirani mmoja alishauri aitwe mtu wa kuombea nyumba. Akaitwa, akaomba, Akonaay akasema amina kwa sauti, na jioni akafunua blanketi.

Kuna jambo ambalo Judica analisema kwa kusitasita, na anakutazama kwanza aone kama utamcheka. Mwaka jana Akonaay aliugua malaria, akalazwa Katesh. Jioni Judica akaita majina, na kwa mazoea ulimi ukamponyoka, akamwita Sulle.

"Ikaitika," anasema.

"Nani aliitika?"

"Sijui. Sauti ya mtu asiyezoea kusema. Ilitoka kule chini, kwenye ukungu. Mimi ni Mlutheri, sina habari za mizimu. Lakini Margwe aligeuka kutazama kule. Alfredi akavua kofia. Sasa kama nilisikia vibaya, na wao walisikia nini?"

Kwa kweli mwandishi alianza kufikiria bodaboda ya kumrudisha nyumba ya wageni.

Kitanda cha Sulle ndicho kinachomkosesha Judica raha siku hizi, kwa sababu kuna mtu anakihitaji. Huyo ni Yoakimu, mwenye miaka 34, mtoto pekee aliyebaki kwa mjane Natalia wa Hirbadaw. Yoakimu hutembea bila kusimama, na nyuma ya kwao kuna korongo. Natalia akienda shambani humfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya zizi. Sasa Natalia anatakiwa kufanyiwa upasuaji hospitali ya Haydom na hana wa kumwachia mwanawe. Akikosa nafasi hapa, hatakwenda. Daktari amemwambia asipokwenda hataumaliza mwaka.

Parokia hairuhusu watu kuzidi vitanda, na ghala halina pa kuweka kingine. Yoakimu aliletwa mara moja mwezi Juni. Akonaay alijilaza mlangoni mwa chumba, akapiga kichwa sakafuni mpaka damu ikatoka. Judica akamrudisha Yoakimu kwao, kwenye kamba, na anasema hajawahi kujichukia namna ile.

"Nimebakiza mara moja ya kujaribu," anasema. "Kesho wanakuja."

Kesho yake alasiri bodaboda inapanda mwinuko ikiwa na watu watatu. Judica anakimbia kumpokea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Natalia anashuka taratibu, mkono mmoja tumboni. Yoakimu ana alama nyeusi kuzunguka kifundo cha mguu. Mama yake anaona mwandishi anaitazama, anaishusha suruali ya mwanawe. "Mimi siyo mtu mbaya," anasema. "Nikienda shamba, anakwenda korongoni. Nitafanyaje?"

Akonaay ameshasimama mlangoni.

Judica hamwamrishi wala hamvuti. Anakaa chini sakafuni mbele yake, mwanamke mzima na kanga yake, na kuzungumza naye mbele ya wote.

"Akonaay, baba. Huyu anafungwa kamba. Nimeshindwa kupata kitanda. Sitaki kumtoa Sulle. Nisaidie, mimi sijui la kufanya."

Akonaay anautazama mguu wa Yoakimu kwa muda mrefu. Kisha anaingia chumbani. Judica anafumba macho, akingoja kusikia kichwa kikigonga sakafu.

Kinachosikika ni kitanda kikiburutwa. Wanapochungulia, Akonaay amevuta kitanda chake hadi ukutani. Amelichukua blanketi la Sulle, amelikunja vizuri na kuliweka kwenye kitanda chake mwenyewe, upande wa ukutani, upande ambao mtu hawezi kuanguka. Anapapasa kile cha chuma kilichobaki wazi.

"Alale hapo," anasema. "Sisi tutabanana."

Natalia anaanza kulia. Judica analia pia, na mwandishi wa makala haya anashughulika na kalamu yake ambayo haina tatizo lolote.

Judica anasema ana mpango. Akipata mbao atagawa chumba cha stoo, ili watu wawili zaidi wapate vitanda, kwa sababu anajua nyumba nyingine mbili zenye kamba, moja hapa Hanang na moja Mbulu. Kuhusu Sulle, ana tumaini moja tu.

"Natamani siku moja niite na pawe kimya," anasema. "Nijue amepumzika, na Akonaay amekubali. Siku hiyo nitaacha kuita."

Saa kumi na mbili ukungu unashuka tena. Natalia anakaa kwenye kigoda, anataka kuona mwanawe akiitwa kabla hajaondoka. Watu wanajipanga kwenye benchi. Yoakimu, ambaye hajawahi kukaa hapo jioni, anazungukazunguka uwanjani, halafu anakuja. Nafasi iliyo wazi iko moja, kando ya Akonaay. Yoakimu anaitazama, anaipita, anajibana ng'ambo yake, ukingoni mwa benchi, akiiacha wazi vilevile.

Judica anaita na kugusa. Margwe yupo. Alfredi yupo. Akonaay yupo.

"Yoakimu!"

Hakuna aliyepangiwa kumjibia. Natalia anafungua mdomo, lakini Akonaay anamtangulia.

"Yupo!"

Judica anamgusa Yoakimu begani, mkono wake unakaa pale zaidi ya kawaida. Anavuta pumzi. Anamtazama Akonaay, ambaye safari hii ameshamjibia mtu, na amenyamaza, ametulia.

"Sulle," anaita, kwa sauti ndogo kuliko zote.

Kimya. Akonaay hafungui mdomo. Kimya kinarefuka mpaka Judica anaanza kunyoosha mgongo, na uso wake unaanza kulegea.

Yoakimu anageuka. Anaitazama ile nafasi iliyo kati yake na Akonaay, anaitazama juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mdogo wa umbo ungekuwa.

"Yupo," anasema.

"Yesu wangu," ananong'ona Natalia kutoka kwenye kigoda. "Huyu hajasema neno tangu azaliwe."

Judica anaikaza kanga yake kiunoni. Kisha anainama, anaweka kiganja juu ya ubao, na kuendelea na jina linalofuata.