Madoa Niliyomwachia Mama

Daktari aliuliza madoa yalianza lini, na mama, badala ya kujibu, akaninyooshea kidevu.

"Na mimba ya huyu," alisema. "Mbele azaliwe nilikuwa na uso muzuri kabisa."

Nilimtafsiria daktari sentensi ya kwanza tu. Ya pili niliimeza, nikakaa nayo wiki nzima nikiigeuzageuza. Mimi ndivyo nilivyo: neno likishaingia halitoki hadi nilichakaze.

Kliniki ilikuwa ghorofani, Fordsburg, hapa Joburg, juu ya duka la vitambaa vya harusi. Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono baridi. Aliwasha taa, akayatazama madoa niliyoyajua maisha yangu yote: mawili mapana kwenye mashavu, rangi ya chai iliyochemka mno, na jingine jembamba juu ya mdomo. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mama anayo, kama kila mama anavyokuwa na matiti.

Alieleza kwamba atampaka dawa ya ganzi, kisha atamchoma kwa sindano nyembamba sana, tone hapa, tone pale, juujuu tu ya ngozi. Dawa yenyewe ni ile inayotumika kuzuia damu isitoke. Ikiwekwa kidogokidogo usoni hupunguza weusi. Vitatokea vivimbe kama vya mtu aliyeumwa na mbu, na vitashuka baada ya muda. Tutarudi kila mwezi. Halafu akasema jambo ambalo nilimkariria mama mara mbili ili lisije likampita: madoa ya namna hii hufifia, lakini hayatoi ahadi, na jua likipata nafasi huyarudisha.

"Muambie sitaki yaende milele," mama alisema. "Nataka yaende mpaka siku ya diplome yako."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Baba aliondoka nikiwa darasa la nne, akaenda Cape Town kulinda maghala, na huko akapata mwanamke mwingine. Mwaka huu mtu mmoja kanisani kwetu, mtaani La Rochelle, alileta habari kwamba mwanamke huyo amerudi kwao. Karibu na siku hizohizo baba akanipigia simu, akasema atakuja kuniona nikivaa joho la kuhitimu. Mama alizichukua habari hizo mbili akazishona pamoja.

Siku moja, tukingoja roboti iwake kijani tuvuke barabara, akanieleza mpango wake wote. Sisi watu wa Bukavu husalimiana kwa vichwa: unagusanisha paji lako na la mwenzako upande huu, kisha upande ule, kisha unarudi.

"Atanisalimia," alisema. "Kichwa hapa, kichwa hapa, tena hapa. Atakuwa karibu na miye hivi." Aliweka kiganja mbele ya pua yake. "Pale ndipo ataona."

Roboti ilibadilika, watu wakavuka, sisi tukabaki tumesimama.

Tangu hapo sikulala vizuri. Itakuwaje asipoona? Na akiona, akarudi, nitamwitaje mtu niliyezoea kumsikia kwenye simu tu? Kisha nilijilaumu kwa kufikiria maneno wakati mama anafikiria mume. Na chini ya yote hayo lilikuwepo lile la siku ya kwanza: kwamba anachofuta kwa sindano ni njia niliyopita mimi kuja duniani. Nilijua ni upuuzi. Nilikaa karibu na kitanda cha kliniki nimemshika mguu, nikiutazama mkono wa daktari ukipanda na kushuka, na upuuzi wangu ukikaa nami.

Mama hakulia hata mara moja. Alikunja vidole vya miguu tu.

Kwenye saluni yake alianza kuvaa kofia pana ya majani, hata kwa safari ya kwenda spaza kununua mkate. Wanawake waliokuja kusuka hawakumwacha.

"Mama, unaenda kuvua samaki wapi huku Joburg?"

"Muache, anageuka muzungu. Jua linamuunguza!"

"Eish, hapana, ninyi hamuoni? Bibi-arusi anajificha!"

"Chekeni tu," mama alijibu, mikono ikiendelea kusuka. "Siku nitavua hii kofia, mutalipa kiingilio."

Na kweli madoa yalififia. Sikuamini macho yangu, kwa hiyo nilimpiga picha dirishani kila tulipotoka kliniki, nikazilinganisha. La juu ya mdomo lilipotea kabisa. Ya mashavuni yalibaki kama kivuli cha pazia. Nilimkuta akijitazama kiooni akitabasamu kwa upande mmoja, tabasamu nililoliona kwenye picha za harusi yake tu.

Siku ya sherehe tulimngojea baba nje ya ukumbi. Alikuja na suti ya kijivu, na nywele zake nazo zilikuwa za kijivu, jambo ambalo simu haikuniambia. Alinisalimia mimi kwanza. Paji huku, paji kule, paji tena. Alinukia sabuni. Alisema, "Mutoto wangu."

Kisha akamgeukia mama.

Mama alikuwa ameshavua kofia na kunipa niishike. Alikuwa ameshainua uso, amefumba macho kidogo, na shingo imeshaanza safari.

Baba akanyoosha mkono. Mkono wa kushoto aliushikiza kwenye kiwiko cha kulia, kwa heshima, kama mtu anayemsalimu mke wa mchungaji.

"Mama, habari ya siku mingi," alisema. "Haukubadilika hata kidogo."

Alimaanisha wema. Nimelifikiria jambo hili kwa kila upande na sijapata upande ambao alimaanisha kingine. Mama alirudisha kichwa polepole, akajifanya anaweka sawa kilemba, kisha akaupokea ule mkono.

"Ni Mungu tu, baba," alisema.

Tulipokuwa tunakula, baba alisema atapanda basi jioni hiyohiyo. "Watoto wa kule wako na masomo, na mama yao hapendi nikikawia," alisema, kisha akaangalia sahani yake. Mama alichukua kipande cha kuku kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, akamwekea.

Njiani kurudi nilipanga sentensi nyingi nikazipangua. Mwishowe nikatoa iliyo mbovu kuliko zote.

"Mama, lakini yamepungua kweli."

"Naona, mutoto wangu. Kioo niko nacho."

Kliniki ilipotuma ujumbe wa kukumbusha mwezi uliofuata, aliniambia niwajibu kwamba ana wateja. Hakuwa nao. Asubuhi hiyo, jua likiwa limeshapanda juu ya paa la jirani, nilimwona uani akianika taulo za saluni, kichwa wazi. Kofia ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Niliitwaa, nikasimama nayo kizingitini. Nikimpelekea, nitakuwa namwambia bado yupo mtu wa kumtunzia uso. Nikiiacha, nitakuwa namwambia hayupo. Na kama ningemwambia mtu huyo ni yeye mwenyewe, ningesikika kama tangazo la sabuni.

Mwishowe niliirudisha msumarini, nikatoka, nikasimama upande wa jua, kivuli changu kikamwangukia shavuni.

"Toka hapo," alisema, bila ukali. "Unanizibia jua."

Sikutoka. Alinitazama kidogo, pale pale karibu, karibu kama alivyotaka kutazamwa. Kisha akasogea hatua moja, akatoka kivulini, akainama kuchukua taulo nyingine.