Kadi Zilizotafunwa na Panya

Mimi nafagia ofisi ya tumbaku hapa Arua. Juzi karani Juma alileta kadi mpya za wakulima, zenye matundu ukingoni. Matundu mengine yalikuwa yamechanika hadi nje. Panya hawa! Nikaiziba ile michaniko kwa karatasi na uji wa muhogo.

Kesho yake Juma akamwambia meneja, “Daftari la zamani nimelichoma, bwana. Wakulima wa Omugo, tundu lao nimelikata wazi hadi nje. Nachomeka sindano ndefu kwenye tundu hilo la kadi zote, natikisa, kadi zao zinaanguka zenyewe.”

Subhanallah! Sindano iwajue watu?

Akatikisa. Ikaanguka kadi moja, na kweli ilikuwa ya Omugo.

“Wengine iko wapi?” meneja akafoka.

Nikadakia, “Hiyo imeanguka kwa sababu ni mbovu, mwanangu. Uji uliniishia kabla sijaiziba.”