Wimbi Lililonipeleka kwa Mama Mukwe

Wajukuu wangu wakiisikia habari hii wanaficha uso, na mimi mwenyewe, mutu muzima mwenye mvi, nikipita pale ufukweni Nchelenge, kwenye ziwa Mweru, bado ninaongeza mwendo, maana najua kuna mutu atanikumbusha tu. Basi heri niseme mwenyewe: mimi ndiye yule mwanaume aliyemukumbatia mama mukwe wake muchana kweupe, mbele ya soko zima la samaki.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka Elisabethville, kule Kongo, nilikojifunza useremala pamoja na Kiswahili, nikamuoa Chanda, na ndoa yetu ilikuwa na miezi mitano tu. Sasa kwetu, mukwe mupya na mama wa muke wake hawaangaliani usoni, hawasemeshani, hawali pamoja, mpaka upande wa muke wapike karamu ya kumuingiza nyumbani, na karamu yangu hata kutajwa ilikuwa bado. Mama Chanda alikuwa mwanamuke mupana mwenye sauti, aliyewauzia samaki wanunuzi wa Kasenga, upande wa Kongo, wanaovuka ziwa, na kila nilipomuona kwa mbali (alionekana kwa mbali sana) nilikimbilia porini, siku moja nikaingia kwenye miiba, siku nyingine nikaingia kwenye choo cha watu nisiowajua.

Ndipo wakaja Wabelgiji wa Elisabethville kupumzika, wenyewe wanasema vakansi, na mukubwa wao, muzee mwembamba tuliyemwita Bwana Mawimbi, akanipa kazi ya kuchonga mbao za kuteleza juu ya maji: fupi za watoto wanaolala kwa tumbo, za kadiri za watu wazima wanaopiga magoti, na mumoja murefu kama mulango kwa yule anayeweza kusimama. Nilizichonga vizuri, sijisifu (ninajisifu). Siku ya kuzipeleka, Bwana Mawimbi akauliza kama ule murefu nimeujaribu. Kusema hapana kulikuwa rahisi, lakini Chanda alikuwa amesimama pembeni ananiangalia, nikajikuta ninajibu, "Ndiyo, Bwana. Ninasimama juu yake kila siku."

Akafurahi, akasema kesho muchana, upepo wa upande wa Kongo ukianza kuvuma, niwaonyeshe wageni wake.

Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni kabla yangu. Watu walijaa. Mara ya kwanza ubao ulinipiga kidevu. Mara ya pili nilikunywa maji ya Mweru mpaka nikasikia ladha ya matope, na nilipotoa kichwa nje watoto wa wazungu walikuwa wananipita kwa tumbo wanacheka, na nyuma yao mama mumoja muzee wa kizungu amepiga magoti kama mutu anayesali, naye akanipita. Seremala mwenzangu akaniambia kutoka ufukweni kwamba nirudi nikachonge vitanda. Chanda alikuwa ameshika tama.

Ningeacha, kweli ningeacha, lakini nyuma yangu likainuka wimbi kubwa kuliko yote ya siku ile, nikapiga magoti, nikatia muguu wa kushoto, nikatia wa kulia, nikasimama. Nilisimama, jamani, mikono imetanuka, na ziwa lote linakimbia chini yangu, na ubao nilioupiga randa mwenyewe unaimba juu ya maji, na nikasikia watu wanapiga kelele, nikafikiri wananishangilia.

Walikuwa wananionya. Mbele yangu wanawake wanaoosha samaki walikuwa wanatoka majini mbio, isipokuwa mumoja aliyenipa mugongo, ameinama juu ya kikapo chake, amevaa kitenge cha bluu. Nilikitambua. Miezi mitano nilikuwa ninakikimbia kitenge kile. Kugeuza ubao sikujua, kuusimamisha sikujua. Kuruka ningeweza, na nimejiuliza miaka yote kwa nini sikuruka, na ukweli ni huu: nilikuwa nimesimama, na sikutaka kuacha kusimama.

Nikaita, "Mama, toka!" (hilo lenyewe tayari lilikuwa kosa), akageuka, ubao ukapita kando yake, na mimi nikaanguka nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kiuno chake. Tukaanguka wote wawili, tukajikuta tumekaa majini ubavu kwa ubavu, samaki wake wanaelea katikati yetu.

Wazungu walipiga makofi. Watu wetu walishika midomo.

Mama Chanda akajifuta uso, akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili, kile kile cha kupatana bei na watu wa Kasenga, "Weye fundi. Nilikuona unaanguka mara mbili. Nilisikia aibu, nikageuka nisione tena. Sasa ile ya kusimama haikunifikia. Rudia."

Dada yake akamukemea kutoka muchangani kwamba amesema na mukwe kabla ya karamu. Akamujibu kwa Kibemba, bila haraka, kwamba na mukwe hajasema neno. Amesema Kiswahili, na kwa Kiswahili yeye anasema na fundi yeyote.

Nikachukua ubao, nikarudi ndani. Niliporudi na wimbi nilikuwa nimesimama tena, yeye yuko muchangani, maji yanamuchuruzika, anapiga vigelegele vya kufika Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na soko zima likamufuata. Karamu yangu ilipikwa juma lile lile. Mama Chanda aliweka bukari, ugali wetu, mbele yangu kwa mikono yake.

Niliapa sitasema tena kwamba ninajua kitu nisichokijua, na kiapo hicho nimekivunja mara nyingi, Chanda ni shahidi. Lakini tangu siku ile sipandi chombo chochote, hata baiskeli, kabla mwenye chombo hajanionyesha kinasimamaje.