Dakika Kumi za Mama Gichan

Tangu saa tano asubuhi Pyo Malsun alikuwa amekwisha vaa blauzi yake ya kanisani, ingawa hakuwa anakwenda popote. Chini alibaki na suruali ya kazini iliyojaa vinyuzi magotini, kwa kuwa kamera haifiki huko. Alichana nywele, akapaka rangi ya mdomo kidogo, akaifuta, akaipaka tena. Saa nane na dakika ishirini mchana alikuwa na miadi mbele ya kompyuta, na miadi hiyo humjia mara moja tu kwa mwezi, dakika kumi basi.

Aliyekuwa anamngoja upande wa pili ni mwanawe Gichan, na Gichan alikuwa gerezani.

Jengoni jambo hilo halikujulikana. Jengo lao pale Iksan, Korea, lina ghorofa tano, halina lifti, na ngazi zake hupandisha habari upesi kuliko harufu ya samaki wa kuchoma. Mwaka jana Gichan alilewa, akashika usukani, akamgonga mzee wa watu na kumvunja nyonga. Alipohukumiwa, Malsun aliwaambia majirani kwamba kijana kapata kazi Vietnam, kiwanda cha viatu. Uongo ulimtoka mwepesi mpaka ukamtisha mwenyewe. Tangu hapo, katika sala ya alfajiri, mchungaji humwomba Bwana amkinge Gichan na joto la ugenini, na Malsun huitikia Amina kichwa kikiwa kimeinama kuliko vichwa vyote. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Malsun ni fundi cherehani. Kazi yake ni kukata suruali zilizozidi urefu, kubadili zipu na kutanua sare za shule za watoto wanaonenepa katikati ya mwaka. Kompyuta aliachiwa na Gichan, imekaa mezani ubavuni mwa cherehani. Kabla ya kwenda kusikiliza hukumu, kijana alimwandikia kwenye daftari la vipimo: "Mama, ikigoma, izime, hesabu mpaka kumi, iwashe." Malsun aliyashika maneno hayo kama aya.

Nayo ndiyo yaliyomponza mwezi uliopita. Kompyuta ilimwambia kuna programu mpya, lazima izimwe na kuwashwa upya. Akatii. Ilipowaka, mtandao haukuwepo. Akaizima, akahesabu, akaiwasha, haukuwepo. Saa ya miadi ikapita huku akilia juu ya daftari, na mtandao ukarudi wenyewe kesho yake jioni kama mgeni asiyejua amekosa nini.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. "Mama, nilikaa dakika kumi mbele ya kioo cheusi. Kama umechoka kuniona, nakuelewa, wala sikulaumu. Mwezi ujao nitakaa tena. Usipotokea, sitaomba zamu nyingine."

Alimjibu kurasa nne. Lakini barua haimwondolei mtu shaka kama uso, na kwenda mwenyewe hakuweza. Gereza liko mbali milimani na goti lake lilipasuliwa Septemba. Ilikuwa lazima aonekane. Leo, saa nane na ishirini.

Saa saba na nusu aliketi, akafungua ukurasa wa gereza. Ukurasa ukamwambia: weka kwanza programu hii ya ulinzi, kisha washa kompyuta upya.

Moyo ulimwambia usibonyeze. Akatafuta mlango mwingine wa kuingilia, hakuuona. Ukurasa ulikuwa na kitufe kimoja tu chenye herufi kubwa. Akabonyeza. Kompyuta ikazima, ikawaka, na pale pembeni pa kioo, alama ya mtandao ikaja na kijimsalaba juu yake.

Akaizima, akahesabu kumi, akaiwasha; akarudia tena. Kijimsalaba. Akachomoa waya, akaupuliza, akaufuta kwa kitambaa cha miwani, akauchomeka mpaka ukalia. Kijimsalaba. Kisanduku cha mtandao kilichotundikwa ukutani kilikuwa na taa zote za kijani, kinamtazama kama paka aliyeshiba. Akaizima tena, safari hii akahesabu mpaka thelathini kwa usalama. Kijimsalaba.

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika tano.

Katika jengo zima aliyezijua kompyuta vizuri ni Mama Dahye wa ghorofa ya nne, muuza bima, anayefanyia kazi yake nyumbani. Na Mama Dahye huyohuyo ndiye mwenye maswali. Kila wakikutana: Gichan anakula nini huko? Hajaoa Mvietnamu bado? Malsun alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akaomba, "Bwana, nipe mtandao bila Mama Dahye." Akafumbua. Kijimsalaba kilikuwa pale pale.

Akapanda kutoka kwake ghorofa ya kwanza, mkono ukutani, ngazi moja moja, goti likimchoma.

Mama Dahye alifungua mlango amevaa glavu nyekundu za mpira mpaka viwikoni. Nyuma yake kabichi zilizolala kwenye chumvi tangu jana zilikuwa zimerundikwa kwenye beseni, zinangoja kupakwa pilipili ziwe kimchi, achari ya kula msimu wote wa baridi.

"Mama Gichan! Umepanda na goti hilo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mtandao wangu umekatika."

"Mtandao tu, na rangi ya mdomo juu?" Mama Dahye alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mh! Una mchumba kwenye hiyo kompyuta, sema kweli."

"Dada yangu, nakuomba. Sina muda."

Sauti ilivyotoka, Mama Dahye akaacha mzaha. Akavua glavu, akajipangusa, akashuka. Hata hivyo pilipili ilikuwa imempenya. Vidole vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha.

Kwanza hakuigusa kompyuta. Alitoa simu yake, akaiunganisha na kisanduku cha ukutani, akafungua picha ya mjukuu wake. Picha ikaja mara moja.

"Unaona? Kisanduku kizima, laini nzima. Ugonjwa umo humu ndani ya mashine. Ulianza lini?"

"Kila nikiizima na kuiwasha."

"Leo umeizima mara ngapi?"

"Nne."

"Nne! Yaani mgonjwa anakwambia uji unamtapisha, na wewe unamnywesha bakuli la nne?"

"Gichan ndiye aliyeandika hivyo."

"Gichan yuko Vietnam, atajuaje mashine yako inalishwa nini siku hizi? Basi tumia simu yangu, umalize shida yako."

"Haiwezekani. Kibali changu cha kuingilia kimo humu ndani ya kompyuta."

"Kibali cha kuingilia wapi?"

Malsun alitazama saa. Saa nane na dakika nne. "Ofisi moja," akasema.

Mama Dahye aliguna, akavuta kiti. Akafungua orodha ya programu zote zilizomo, akaanza kusoma huku anashusha kwa kidole. "Huyu mlinzi kawekwa na benki. Huyu wa kodi. Huyu wa bima ya afya. Huyu wa benki tena. Mama Gichan, nyumba ya chumba kimoja ina walinzi kuliko ikulu! Na huyu? Ameingia leo saa saba na dakika thelathini na nane. Wa nani?"

"Wa hiyo ofisi."

"Basi ndio hao. Huyu wa leo na huyu wa benki, wote wanataka kukaa kwenye lango la mtandao. Mashine ikiwa imeshawaka hutawaona wakigombana. Ukiizima tu, inapoamka wote wawili wanakimbilia lango, mmoja anashika kitasa, mwingine anashika komeo, na hakuna anayefungua. Ofisini kwetu ugonjwa huu ulitula siku tatu."

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hilo Malsun alilielewa. "Mtoe wa benki," akasema.

"Hutalipa umeme?"

"Mtoe!"

Mama Dahye akabofya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, ukafika nusu, ukasimama, ukatambaa. Kisha kioo kikaandika: ili kukamilisha, washa kompyuta upya.

"La, la, la!" Malsun alimshika mkono. "Usiiwashe upya, Mama Dahye, itakufa tena!"

"Huwezi kumfukuza mlinzi akiwa amekalia kiti. Lazima kiti kipinduliwe. Niachie mkono."

Saa nane na dakika kumi na moja kompyuta ikazima. Vidoti vikaanza kuzunguka. Malsun hakuhesabu, alisema Baba Yetu ndani kwa ndani, akakosea katikati, akaanza mwanzo. Huko milimani wakati huu wanamtoa selo. Wakati huu anatembea kwenye korido. Saa nane na kumi na sita kioo kikang'aa, na pale pembeni kijimsalaba hakikuwepo.

"Haya, karibu," akasema Mama Dahye. "Fungua huo ukurasa wako tuone."

"Ahsante, dada, Mungu akubariki. Sasa nenda, kabichi zako zitalegea."

"Zimelala tangu jana, hazina haraka."

"Nenda tu, nitaweza mwenyewe."

Ndipo kisanduku kidogo kikachomoza chini ya kioo: programu imebadilika, kompyuta itajiwasha upya baada ya dakika mbili. Kikawa na vitufe viwili, Sasa na Baadaye.

Mama Dahye akabonyeza Baadaye. "Huyu ni yule mlinzi wako mpya, anataka kujitengeneza. Atarudi kila baada ya dakika mbili. Usipomwahi anaizima mashine mwenyewe. Una macho ya kumwangalia huku unaongea na hiyo ofisi?"

Malsun alijua hana. Akishamwona mwanawe hataona kitu kingine.

Akautazama mlango. Akaitazama saa: nane na dakika kumi na nane. Mwaka mzima aliishona siri hii, mshono juu ya mshono, na sasa mkasi ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Alifikiria kioo cheusi, na Gichan amekaa mbele yake, mikono magotini, anangoja. Akageuza kiti, akafungua ukurasa, akaandika neno lake la siri mbele ya mwenzake bila kuficha.

Juu ya ukurasa maneno yalikuja makubwa: Kuonana na Mfungwa kwa Njia ya Video.

Mama Dahye alisoma. Kisha akavuta kiti chake karibu zaidi na kukishika kipanya kwa vile vidole vyake vyekundu.

Saa nane na ishirini na moja Gichan akatokea, nywele fupi, masikio yamesimama.

"Mama?"

"Nipo! Nipo, mwanangu! Mwezi uliopita haikuwa mimi, ilikuwa mashine!"

"Mama, sauti inakatika."

"Mashine! Nasema ilikuwa mashine, si mimi!"

"Shh!" Mama Dahye alimfinya paja. "Unapiga kelele mpaka barabarani. Anakusikia, ongea polepole." Kisanduku kikachomoza, akabonyeza. Baadaye.

Gichan alisogeza uso. "Mama, huo mkono mwekundu ni wa nani?"

Mama Dahye mwenyewe akainama mbele ya kamera.

Kijana alishtuka, akasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu, akainamisha kichwa mpaka kikatoka kwenye picha. "Shikamoo, Mama Dahye."

"Marahaba. Umekonda. Kaa, ongea na mama yako, mimi sipo."

Akaketi, macho chini. Malsun aliona masikio yake yamekuwa mekundu.

"Ni mimi niliyemwita," akasema. "Vinginevyo nisingekuona."

Gichan aliinua macho. "Goti je?"

"Linakunja. Ile barua yako nimeisoma. Maneno yale usiniandikie tena."

"Nilidhani..."

"Usidhani. Mimi nikifa watakwambia. Kama hujaambiwa nimekufa, basi nakutafuta."

Baadaye, akabonyeza Mama Dahye. Baadaye.

"Utaomba zamu ya Desemba?"

"Nitaomba, Mama. Kesho asubuhi nitaandika o..."

Kioo kikaandika kwamba muda umekwisha. Ilikuwa saa nane na nusu kamili.

Wanawake wawili walibaki wametazama ukurasa mweupe. Mama Dahye aliweka kipanya chini taratibu. Malsun alisubiri. Alijua litakuja.

"Vietnam," akasema Mama Dahye.

"Nisamehe."

"Kiwanda cha viatu."

"Nilikudanganya, dada. Kanisani pia nimedanganya. Nilimdanganya hata Mungu mbele ya watu."

"Mungu mwachie Mungu. Mimi nakuuliza, ile kofia ya jua niliyokupa umpelekee Gichan kwa posta? Nilizunguka sokoni siku nzima nikitafuta inayomtosha kichwa, nikijua mtoto wa watu anababuka."

Malsun alitazama kabati. "Imo kabatini. Haijafunguliwa."

"Ilete."

Akaileta, bado kwenye nailoni yake. Mama Dahye aliichana, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kompyuta, Novemba, ndani ya nyumba. Haikumkaa.

"Desemba, siku gani?"

"Hawajapanga. Nitaambiwa."

"Ukiambiwa, nami niambie siku hiyohiyo. Nitashuka saa moja kabla, nimpange huyo mlinzi wako vizuri. Na mpaka wakati huo hii mashine usiizime, usiiguse, usiihesabie kumi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alivaa kandambili mlangoni akatoka, na kofia kichwani. Malsun aliacha mlango wazi kidogo, akasikiliza. Ghorofa ya tatu anakaa Mama Sejin, na hakuna anayepita pale bila kuitwa ndani anywe chai ya shayiri.

Kandambili zilipanda mpaka ya pili. Zikapanda mpaka ya tatu. Zikasimama.

"Mama Dahye! Kofia gani hiyo?" Ilikuwa sauti ya Mama Sejin.

Malsun alishika kitasa kwa mikono miwili.

"Ya jua," akajibu Mama Dahye. "Niache nipite, nina kabichi."

Kandambili zikaendelea kupanda.