Jiwe la Mzee wa Frisia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mawe ya makaburi, pale Raskazone, Tanga, Fundi Mkuu hakunipa patasi. Alinipa penseli na kipande cha marumaru, akaniambia niandike jina langu mpaka nilichoke. Patasi, yaani chuma cha kuchongea herufi, ilikuja baada ya miezi. Hulazwa kidogo, haisimamishwi wima, la sivyo jiwe hubanduka. "Karatasi ina kifutio," alisema Fundi Mkuu. "Jiwe halina. Ukikosea hapa, watakusoma mpaka wajukuu."

Wenzangu waliniita Mzanzibari. Kila asubuhi: "Unguja hawajambo?" Nami, mzaliwa wa Wete, nawaka. "Unguja mie sina hata shangazi! Mie Mpemba!" Wanacheka, na kesho wanauliza tena. Ulikuwa utani, lakini uliniuma, sifichi.

Kisha nikapelekwa Pangani kuchonga vibao vya majengo. Siku za huko zilikwenda polepole, na hata leo nikifumba macho nasikia injini ya kivuko ikinguruma mtoni, na vumbi jeupe la marumaru limenitua kwenye kope. Injini ile ilitunzwa na mhandisi mmoja Mzungu, Mzee Hendriki. Nilipomwamkia "Shikamoo," aliitikia "Marahaba, Mpemba." Hakuwahi kunikosea hata siku moja. Nilimpenda kwa hilo.

Miaka mingi baadaye, nimesharudi Tanga, alikuja karakanani kwa bajaji, amekonda, maradhi yamemla. Alitaka jiwe lake mwenyewe.

"Nataka nilisome kabla sijalala chini yake," alisema. "Andika jina langu, kisha Frisia, mkoa nilikozaliwa. Usiandike Uholanzi. Uholanzi ni upande mwingine wa nchi yetu, kule magharibi. Dunia imechukua jina lao ikatuvika sote."

Nikamwahidi.

Msimamizi wa karakana alipoona mchoro wangu wa penseli alikunja uso. "Frisia ndiyo nini? Weka Uholanzi, watu waelewe."

Ningeweza kubisha. Nilikuwa fundi mzima, mwenye heshima yangu. Lakini nikajiambia, ah, si huko huko tu? Nikachonga Uholanzi.

Mzee Hendriki alikuja na mkongojo. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, taratibu. Hakupandisha sauti.

"Hata wewe, Mpemba?"

Natamani angenitukana.

Marumaru nyingine ya kipimo kile haikuwapo. Nikaligeuza jiwe, nikaanza upya upande wa nyuma, mchana kutwa, chai inapoa pembeni. Nilitaka alione. Nilikuwa naimaliza herufi ya mwisho ya Frisia wakati jirani wa Mzee Hendriki alipoingia, kofia mkononi, na sikuhitaji kuambiwa.

Sasa nimestaafu, nipo Chumbageni, mikono inatetemeka hata kwa kikombe. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza siri ya herufi safi, nami huwaambia wamsikilize mwenye jina, maana analijua kuliko msimamizi.

Wakati mwingine natembea hadi kaburini. Jiwe limelazwa bapa, na wapitao husoma Frisia, wakasifu mkono wa fundi. Upande wa pili, wenye Uholanzi, hawauoni. Ule nilimwachia mwenyewe, umemwelekea usoni.