Jinzi Iliyotwangwa

Katika miaka ile maduka ya Songea yalipoanza kujaa tena, baba alimnunulia kaka yangu suruali ya jinzi. Ilikuwa mpya kabisa, ya bluu iliyokolea, na ngumu kiasi kwamba ukiiegemeza ukutani ilisimama yenyewe. Baba alikuwa amevaa viraka muda mrefu wakati nguo hazipatikani, kwa hiyo aliikabidhi kwa heshima kidogo, kama mtu anayemkabidhi mwenzake baiskeli.

Kaka aliivaa mara moja tu. Alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti pale sokoni, na vijana wote wa sokoni walivaa jinzi za mitumba: zilizopauka magotini, zilizoanza kuchanika mfukoni, zinazoonekana zimewahi kuishi mahali fulani mbali. Mpya ilikuwa ushamba. Lakini kilichomwumiza si maneno ya sokoni. Kulikuwa na msichana wa mtaa wa Mshangano ambaye kaka alitaka kumwoa, naye alimwambia kwamba katika jinzi ile anafanana na mtoto wa kipaimara.

Msichana huyo alilelewa na shangazi yake, na shangazi ndiye mwenye kauli. Tulikwisha kusikia kwamba alimkataa mchumba mmoja, kijana wa ofisini, kwa sababu mikono yake ilikuwa laini. Sasa alikuwa ametuma habari kwamba Jumapili, baada ya misa, angepita kwetu Lizaboni kusalimia. Nyumba nzima ilielewa kwamba anakuja kumtazama kaka, na kwamba asiporidhika hakuna atakayerudi kuzungumza.

Kaka aliamua kwamba lazima jinzi izeeke kabla ya Jumapili.

Alianza na tofali la kuchoma. Aliketi kizingitini akasugua magoti hadi jasho likamtoka, na matokeo yake ni kwamba suruali ilipata magoti mekundu, kama ya mtu aliyeingia mjini kwa kutambaa. Akaifua. Akajaribu maji ya ndimu na jua. Ndimu zilipausha sehemu moja tu, nyuma, mahali ambapo mtu hapendi kutazamwa.

Siku iliyofuata aliifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli ili aiburute kwenye barabara ya changarawe. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila alisahau kwamba watu wa mtaani kwetu ni wema. Kila aliyepishana naye alimwita kumwambia ameangusha suruali. Mama mmoja muuza vitumbua aliacha biashara yake akamkimbilia, akaiokota, akaikung'uta vumbi na kumpa pole. Kaka alishukuru, akageuka, akaanza upya, na mtu mwingine akamwita. Alirudi nyumbani amechoka kwa kushukuru.

Jumamosi mama alikwenda kwenye jumuiya. Nikiwa jikoni nasafisha dagaa, nikasikia kinu kinatwangwa uani. Nilishangaa, maana mwenye kutwanga ni mama au mimi, na mama hayupo. Nilipotoka nilimkuta kaka ameshika mchi kwa mikono miwili. Ndani ya kinu kulikuwa na jinzi, mbichi, imekunjwakunjwa, na juu yake alikuwa amemwaga pumba za mahindi na majivu.

Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia, huku anahema, kwamba Ulaya jinzi huzungushwa kwenye mashine pamoja na mawe, na kwamba pumba ni mawe ya mtu mwenye akili. Nikamuuliza kama mama anajua. Akasema mama angejua angeomba kusaidia. Alitwanga vibaya sana, anaupiga ukingo wa kinu kuliko suruali, na kila alipopumzika alipuliza viganja. Lakini niseme ukweli wa nilichoona: ilipotoka, jinzi ilikuwa imelegea, imepauka, na goti moja limetatuka vizuri kabisa. Kaka aliiinua juu akaitazama kama mtu aliyepata mtoto. Kinu alikisuuza kwa maji kidogo, akakirudisha mahali pake.

Alfajiri ya Jumapili mama alitwanga mahindi yaliyolowekwa, maana mgeni kama yule hapikiwi unga wa juzi. Alitaka ugali mweupe. Alipokuwa anachekecha alisimama kidogo, akasema labda ni mwanga wa asubuhi, kisha akaendelea.

Shangazi alifika akiwa na mwavuli na mkoba mweusi. Alikuwa mama mnene, mpole wa sura, mwenye macho yasiyotulia. Tukamwamkia shikamoo, akaketi barazani. Mama akaweka samaki wa Nyasa, majani ya maboga, na ugali uliofunikwa. Akafunua.

Ugali ulikuwa wa bluu. Haikuwa bluu ya kupiga kelele. Ulikuwa wa rangi ya wingu linalofikiria kunyesha. Baba aliutazama ugali. Akaitazama suruali ya kaka. Akaurudia ugali, halafu akaanza kusali sala ya chakula, nayo ilikuwa ndefu kuliko kawaida yake. Mama alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyeupaka rangi. Shangazi alimega tonge, akalitazama, akala.

Kaka alisimama kumwongezea maji ya kunawa, aonyeshe adabu. Hapo ndipo kuku walipokuja. Alikwenda kulia, wakamfuata. Alikwenda kushoto, wakamfuata. Walikuwa wanadonoa pindo za suruali yake, na jogoo mmoja alishughulikia mfuko wa nyuma. Kaka alitabasamu akijaribu kuwapiga teke kwa heshima.

Shangazi aliinama, akaingiza kidole kwenye pindo, akatoa pumba. Akazisugua kati ya vidole.

“Baba, wewe unatwanga?” akamuuliza kaka.

Mama alifungua mdomo. Baba akakohoa. Mtu wa kibanda cha kaseti, mwanamume, mbele ya wakwe watarajiwa, aseme anatwanga mahindi? Sokoni wangemcheka hadi Krismasi. Lakini jibu jingine lilikuwa kueleza ule ugali.

“Natwanga, shangazi,” akasema.

Akaambiwa alete mikono. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, mawili yamepasuka. Shangazi aliviminya, kaka akakunja uso, naye akaonekana kuridhika. Aliomba aongezewe ugali. Kabla ya kuondoka alimwambia mama kwamba kijana anatarajiwa Mshangano Jumapili inayofuata, na wazee.

Tulikwenda sote. Kaka alivaa jinzi ile ile, imefuliwa na kukaguliwa na kila mtu mwenye macho. Mazungumzo ya wazee yalikwenda salama. Walipofikia kukubaliana, shangazi aliomba radhi, akamwita kaka nyuma ya nyumba, nami nikafuata maana nilitaka kuona. Palikuwa na kinu kikubwa kuliko chetu, kimejaa mahindi, na yule msichana ameketi kando na ungo, anazuia kicheko.

Shangazi alimpa kaka mchi.

“Suruali umeshaiweza, mwanangu,” alisema taratibu. “Sasa tuone mahindi.”

Kaka alinitazama, nikatazama paa. Akatwanga. Mahindi ya kwanza yaliruka nje, kuku wa Mshangano wakaja mbio, na msichana akacheka hadi ungo ukamwanguka.

Walioana, na mchi haukurudi kwa wanawake peke yao. Kila wikiendi kaka alikuwa akitwanga uani kwake akiwa na jinzi ile. Kufikia mavuno magoti yalikuwa meupe, mapaja yamepauka sawasawa pande zote, vitu ambavyo tofali, ndimu na baiskeli vilishindwa. Vijana wa sokoni wakaanza kumuuliza belo la mitumba lililotoa jinzi hiyo lilifunguliwa wapi. Akawaambia Mshangano, na wawili walikwenda kulitafuta.